Sabuni ya Kufulia Tunayojitengenezea: Ipi Inaokoa Fedha, Ipi Inapoteza



Mwaka 2022 bei ya mafuta ya kula ilipanda duniani kote. Vita vya Ukraine vilikata njia ya mafuta ya alizeti, na mwezi wa Aprili mwaka huo Indonesia nayo ikazuia mawese yake kwenda nje kwa wiki kadhaa. Hapa Kigali tuliliona jambo hilo kwenye kikaango kwanza, kisha tukaliona kwenye beseni la kufulia, maana mche wa sabuni ulipanda vilevile. Baadhi ya wenzetu waliuliza: mafuta ya kupikia yanahusiana nini na sabuni? Yanahusiana sana, kwa kuwa sabuni ni mafuta. Mfanyakazi akilielewa hilo peke yake, amekwisha kuelewa nusu ya makala haya.

Tangu wakati ule swali moja linatujia mara kwa mara kutoka viwandani Masoro na kutoka mashamba ya chai: je, twaweza kujitengenezea sabuni ya kufulia nyumbani, na tukifanya hivyo tutaokoa kitu? Jibu letu ni ndiyo, lakini si kwa kila namna. Ziko namna ambazo mtu hupoteza fedha huku akidhani anaokoa, na iko moja inayoweza kumtia mtoto wako kilema. Tutasema zote waziwazi.

Kwanza tuanze na jambo ambalo lingeweza kutuletea ugomvi. Kutengeneza sabuni hakuchukui nafasi ya mshahara wa kutosha. Mwajiri asije akasoma ukurasa huu akasema kuwa wafanyakazi wake wamekwisha kupata njia ya kuishi kwa kidogo. Nguo chafu za kazini zinachafuka kazini, si nyumbani, na dai la sabuni na ovaroli linabaki mezani palepale lilipo. Tunachoeleza hapa ni matumizi ya fedha iliyokwisha kuingia mkononi.

SABUNI NI NINI

Ukichukua mafuta yoyote, ya mnyama au ya mmea, ukayachanganya na maji yenye kostiki soda (wengine hapa kwetu huisema Kifaransa, sudi kostiki), vitu hivyo viwili hugeuka. Mafuta hayawi mafuta tena na kostiki haiwi kostiki tena. Hutokea sabuni pamoja na kitu laini kiitwacho gliserini. Mfaransa Michel-Eugène Chevreul ndiye aliyeeleza vizuri mageuzi hayo katika kitabu chake cha mwaka 1823, ingawa watu walikuwa wakipika sabuni kwa majivu na shahamu maelfu ya miaka kabla yake.

Mafuta hayo yalitoka wapi viwanda vya Ulaya vilipoanza kupika sabuni kwa wingi? Yalitoka huku kwetu. Mwingereza William Lever alianza kuuza sabuni ya Sunlight mwaka 1884, na mwaka 1911 akapewa na serikali ya Ubelgiji maeneo makubwa ya michikichi huko Kongo. Kituo chake kikubwa kilikuwa Lusanga, kando ya mto Kwilu, mahali walipopabandika jina la Leverville. Wachumaji wa ngazi walipanda michikichi kwa kulazimishwa na kwa malipo duni. Mwaka 1931 malipo yao yalipopunguzwa huku kodi ikidaiwa, Wapende waliasi, na mamia yao waliuawa kwa risasi. Tunalitaja hili kwa sababu mfanyakazi anayekwangua mche wa sabuni leo anashika kitu chenye historia ya wafanyakazi wenzake.

Sasa, sabuni na dawa ya unga ya kufulia si kitu kimoja, ingawa sokoni zote huitwa sabuni. Unga wa pakiti, kama ule wa Tide uliotolewa Marekani mwaka 1946, hautoki kwenye mawese bali kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mafuta ya petroli yaliyogeuzwa viwandani. Faida yake ni kwamba haugombani na maji yenye chokaa. Sabuni ya kweli hugombana nayo: huacha utando mweupe kwenye beseni na kuzifanya nguo nyeupe kuwa za kijivu. Basi mtu akikuambia kuwa amekwangua mche wa sabuni, akachanganya na magadi, na kupata unga kama ule wa dukani, mwambie amepata sabuni iliyokwanguliwa. Inafaa, lakini ijulikane kwa jina lake.

NJIA ISIYO NA HATARI KUBWA

Kwa nyumba moja, hii ndiyo tunayoipendekeza, na mtu aweza kuianza Jumapili hii.

Kwangua gramu 250 za sabuni ya mche. Chemsha lita mbili za maji, utie sabuni hiyo, ukoroge kwa moto mdogo mpaka isionekane vipande. Epua. Katika chombo kingine yeyusha gramu 125 za soda ya kufulia, ile nyeupe iitwayo soda ashi, kwa lita moja ya maji ya moto, kisha uimimine polepole kwenye sabuni huku ukikoroga. Ongeza maji mpaka zitimie lita tano. Ikipoa itakuwa nzito kama uji, wakati mwingine hugawanyika, maji chini na uji juu. Haijaharibika, itikise tu kabla ya kutumia. Nusu lita yatosha beseni la lita kumi, kwa hiyo umepata mabeseni kumi.

Soda ashi haitengenezi sabuni, bali inailinda. Hushika chokaa iliyo ndani ya maji kabla haijaila sabuni yako, tena hulegeza mafuta na jasho kwenye kola. Asiyeipata aweza kutumia magadi ya sokoni, yale yanayolainisha maharage, ambayo ni ndugu yake. Kule Kenya ziwa lenyewe linaitwa Magadi, na kampuni ya kuchimba soda yake iliundwa mwaka 1911. Lakini magadi ya sokoni yana mchanga na chumvi, na nguvu yake ni ndogo. Yayeyushe jana yake, acha mchanga utuame, chuja kwa kitambaa, na tumia kiasi cha mara moja na nusu. Mwenye mikono iliyopasuka avae glavu, kwa kuwa soda hukausha ngozi. Wala usiitie kwenye nguo za sufu au hariri.

Akiba inatoka wapi hapa? Kwa sehemu inatoka kwenye soda, ambayo uzito kwa uzito kwa kawaida ni rahisi kuliko sabuni. Sehemu nyingine, na sisi twadhani ndiyo kubwa, hutokana na mche kutolala ndani ya maji. Tazama beseni lolote uani: mche umeachwa chini ya nguo, unayeyuka bure, na ukitolewa umekuwa laini kama ugali. Robo yake imekwenda mtaroni. Sabuni iliyopimwa kwa kikombe haifi namna hiyo.

Wako wanaozunguka mitaani wakisema kipande kimoja cha sabuni hutoa jerikeni zima la lita 20. Hutoa kweli, maana hata kijiko kimoja cha sabuni hutoa lita 20 ukitia maji ya kutosha. Hesabu gramu za sabuni, usihesabu lita.

KUPIKA SABUNI KWA KOSTIKI

Hii ndiyo njia ya kutengeneza mche wenyewe, na hapa ndipo tunapotaka msomaji aende polepole.

Hatupendi ifanyike na mtu mmoja ndani ya chumba chenye watoto. Kostiki soda huunguza ngozi, macho na koo. Hospitali ya shirika la Kiitalia la Emergency huko Goderich, karibu na Freetown nchini Sierra Leone, imewatibu kwa miaka mingi watoto waliokunywa kostiki iliyowekwa nyumbani kwa ajili ya sabuni. Mtoto huona chupa, hudhani ni maji. Njia ya chakula huungua, kovu hufunga, na mtoto hawezi kumeza hata uji. Kwa hiyo sharti la kwanza: kostiki isitiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, na isilale katika nyumba wanamoishi watoto. Ikiwa chama cha akiba, kile tunachokiita ikimina, kitapika sabuni kwa pamoja mara moja kwa miezi miwili, mtu mmoja makini akabidhiwe kostiki na kufuli, na nyumba nyingine zote zibaki salama.

Sharti la pili ni mizani. Kijiko na kopo havifai, kwa kuwa kostiki ya vipande na ya unga hazijazi kijiko sawasawa. Kwa kila kilo moja ya mawese tumia gramu 135 za kostiki. Kwa kilo ya shahamu ya ng'ombe, gramu 133. Kwa kilo ya mafuta ya alizeti, gramu 128. Mafuta ya nazi yanataka nyingi zaidi, gramu 174, lakini hayo tuwaachie ndugu zetu wa pwani. Hesabu hizi zimepunguzwa kidogo makusudi, karibu sehemu tano katika mia, ili mafuta yabaki kidogo na kostiki isibaki hata chembe.

Kuna kosa moja ambalo tumelishuhudia kwa macho na ambalo huharibu kazi nzima. Lita moja ya mafuta si kilo moja. Mafuta ni mepesi kuliko maji; lita moja huwa na gramu 910 hivi. Mtu akinunua lita tano za mawese akazihesabu kuwa kilo tano, ataweka kostiki gramu 675 wakati zilizotakiwa ni 610 tu. Ziada hiyo haina mafuta ya kuila. Itabaki ndani ya mche, itachubua vidole vya mama na kula uzi wa nguo, na wote watasema sabuni ya nyumbani ni mbaya.

Tuchukue basi hizo lita tano, yaani kilo nne na nusu na kidogo. Kostiki gramu 610, maji lita moja na nusu, ya mvua yakipatikana.

Fanyeni kazi nje, penye upepo. Mikono ivae glavu za mpira, miguu buti, macho miwani. Pima maji katika ndoo imara ya plastiki. Kisha tia kostiki ndani ya maji kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mwiko wa mti. Usigeuze mpango huo. Ukimwaga maji juu ya kostiki, huchemka ghafla na kurukia usoni. Hata ukifuata mpango ulio sawa, ndoo itapata joto kali kama maji yanayokaribia kuchemka, na mvuke wake hukera kifua. Geuza uso upande. Acha ipoe mpaka ukigusa ndoo kwa nje usikie uvuguvugu tu.

Sufuria zetu za kawaida ni za aluminiamu, na kostiki hula aluminiamu. Sisi wenyewe mara ya kwanza, uani huko Nyamirambo, tulitumia sufuria ya kupikia wali kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Ilianza kutoa mapovu na moshi, maji yakawa meusi, na baada ya muda mfupi sufuria ilikuwa imetoboka. Hewa inayotoka hapo ni ya haidrojeni, ambayo huwaka moto. Mwenye sufuria hakutusemesha kwa wiki moja, na alikuwa na haki. Tumieni plastiki nene, chuma kisichopata kutu, au enameli isiyobanduka.

Mawese kwa baridi ya Kigali huganda nusu. Yayeyushe kwa moto mdogo mpaka yawe maji, yaache yapoe hadi uvuguvugu kama kostiki, kisha mimina kostiki ndani ya mafuta polepole. Koroga upande mmoja bila kuchoka, nusu saa, pengine saa nzima. Itageuka kuwa kama uji wa mtoto, na ukiinua mwiko, matone yataacha alama juu kabla ya kuzama. Hapo mimina kwenye sanduku la mbao lililotandikwa karatasi nene au majani ya ndizi. Mifuko ya plastiki hatuitaji, kwa kuwa nchi yetu iliipiga marufuku tangu mwaka 2008. Funika kwa gunia. Baada ya siku moja au mbili kata miche, ipange kwenye ubao penye kivuli na upepo, na uiache wiki nne nzima.

Wiki hizo nne ndizo zinazowashinda wengi. Sabuni mbichi bado inaendelea kugeuka, na imejaa maji; ukiitumia mapema itaisha upesi kama barafu. Ikikauka, lita zile tano zitakuwa zimetoa karibu kilo sita za miche. Ukimjua mwalimu wa sayansi mwenye karatasi za kupimia, lowesha kipande umpelekee. Kipimo cha 9 au 10 ni cha kawaida kwa sabuni. Kikiwa 12 na zaidi, usiigawe.

Kostiki ikimrukia mtu, mvue nguo iliyoloa na umwagie maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kuacha, hata kama asema ameacha kuumia. Ikiwa ni jicho, hivyohivyo, huku mkielekea hospitali. Msipake siki wala ndimu wala mafuta. Aliyemeza asitapishwe, asukutue kinywa na apelekwe hospitali mara moja.

HESABU YA FEDHA

Bei hubadilika toka Kimironko hadi Nyabugogo na toka wiki hadi wiki, kwa hiyo hatutaandika bei ambazo zitakuwa uongo mtakapozisoma. Chukueni karatasi. Andikeni bei ya mafuta, ya kostiki, ya makaa, na nauli ya kwenda kuvileta. Jumla igawanyeni kwa kilo sita. Halafu pimeni mche wa dukani kwa mizani, msiamini ukubwa wake, maana miche mingine ina maji mengi na vijazo, mkapate bei ya kilo moja ya dukani.

Mtaona jambo moja wazi: gharama karibu yote ni mafuta. Anayenunua mafuta safi ya kupikia kwa chupa, bei ya rejareja, ili apike sabuni, mara nyingi atapata hasara, na tena ameiondolea sufuria ya mboga. Kiwanda hununua mawese kwa matangi. Huwezi kushindana nacho kwa chupa. Akiba ipo kwa wale wanaopata mafuta ambayo tumbo haliyahitaji. Wauza sambusa na chipsi wana mafuta yaliyochoka ambayo huyamwaga. Yachujeni kwa kitambaa, yachemsheni pamoja na maji ya chumvi, yaacheni yapoe, mchote yaliyo safi juu. Mafuta ya alizeti peke yake hutoa sabuni laini, basi yasizidi theluthi moja ya mchanganyiko. Wachinjaji nao wana shahamu, na hiyo hutoa mche mgumu kuliko yote. Katika mitaa yetu ya Biryogo na Nyamirambo wengi watauliza ni shahamu ya mnyama gani, na ni haki yao kuambiwa kabla ya kuchanga fedha.

Mawese mekundu hutoa sabuni ya rangi ya chungwa. Isitumiwe kwa shuka nyeupe mpaka rangi hiyo ififie. Kwa ovaroli haina shida.

Kuna pia sabuni ya maji inayochanganywa kwa dawa za viwandani, ambayo wengi wa Kenya na Tanzania wanaijua kwa jina la dawa yake, ungarol. Hiyo ni ya jamaa ya unga wa pakiti, inatoa povu jingi na haigombani na chokaa. Tatizo ni kwamba dawa zake hutoka nje kwa bei ya dola, na moja yake ni asidi kali. Mtu akitaka kuuza, sabuni ya aina yoyote, hana budi kupitia shirika la viwango la taifa, RSB. Kutengeneza kwa ajili ya nyumba yako na kuuzia umma ni mambo mawili mbali.

Maji ya kusuuzia ndoo ya kostiki yasimwagwe mtaroni. Kilimani kwetu kila mtaro hushuka bondeni, na mengi ya maji hayo huishia mto Nyabugogo, kisha Nyabarongo, wanakoteka maji wengine. Yatieni kwenye pishi linalofuata la sabuni.

NGUO ZA KAZI

Wachuma chai wametuuliza kwa nini doa la chai huwa jeusi zaidi wakifua. Ni kwa sababu sabuni na soda hulishikisha doa la utomvu wa majani. Suuza kwanza kwa maji baridi matupu, mara mbili, ndipo utie sabuni. Udongo mwekundu ni kinyume: uache ukauke, uupige kwa brashi, kisha loweka. Grisi ya mashine hutaka sabuni ya mche isuguliwe kavu juu ya doa kabla ya maji.

Lakini nguo ya mtu aliyepuliza dawa za wadudu au za magugu isiingie beseni moja na nguo za watoto, wala isilowekwe pamoja na nepi. Isuuzwe peke yake kwanza, ifuliwe kwa maji ya moto na sabuni nyingi, ianikwe juani, na beseni lioshwe baada yake. Tungependa isifike nyumbani kabisa. Mkataba Na. 184 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliopitishwa mwaka 2001 juu ya usalama na afya katika kilimo, unazungumzia kemikali hizo na wajibu wa mwajiri. Ambapo shamba halina mahali pa kuoga na kufulia nguo za wapulizaji, wajumbe waandike idadi ya wapulizaji, aina ya dawa zinazotumika na siku zinapopulizwa, na karatasi hiyo iletwe ofisini kwetu kabla ya mkutano ujao na wenye shamba.